Reli ikija Lamu, vivuko kwanza halafu hiyo njia ya mazoezi

Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Mokowe. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na kama itakuwa ndefu mnikatie mnapopenda, lakini ile sehemu ya vivuko, yaani mahali pa watu kuvukia reli, naomba muiwache kama ilivyo kwa sababu hiyo ndo iliyonitoa jikoni.

Huku kwetu kuna mjadala umeanza kwenye grupu la wasapu la mtaa, ukahamia kwenye jeti tunapongojea boti, na sasa hata wanaume wakitoka isha wasimama nje ya msikiti wauendeleza. Kijana mmoja aliandika kwamba hii reli ya LAPSSET, ule mradi wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, tunayoambiwa itaanzia bandarini, ikija basi kando yake kujengwe na njia ya watu kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, akaweka na picha ya huko nchi za watu, treni hii hapa, mama na mtoto kwenye kigari hawa hapa, katikati fensi. Weee! Wazee wakamrukia. Mmoja akamwambia reli yenyewe hatujaiona wewe washatafuta pa kutembea kando yake, wamshonea kanzu mtoto ambaye mamake hajaposwa. Nilicheka mpaka nikaangusha mwiko. Mwengine akasema kando ya reli ni mahali pa kufa siyo pa mazoezi, vijana nao wakajibu nyinyi mazoezi yenu si bao tu, na hapo ndo adabu ikaanza kupotea kidogo.

Mimi nilikaa kimya siku tatu nikisoma tu. Sasa nasema.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili lanihusu. Mimi nina sukari. Daktari aliniambia nitembee nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, nikamwambia daktari mimi naamka saa kumi usiku kupika mahamri, nasimama kutwa, akasema kusimama siyo kutembea. Basi natembea. Nikiwa kwetu Lamu mjini, kule Langoni nilikozaliwa, kutembea si kazi, watoka zako jioni wafuata ufuo mpaka Shela, maji yakijaa wavua viatu, wapishana na punda na watoto na watalii, na siku hizi na bodaboda ambazo zamani hazikuwepo na mimi bado sijazizoea. Lakini huku bara natembea kando ya barabara inayotoka Mokowe kwenda mji wa Hindi. Kuna malori. Kuna matrela ya bandarini. Trela likipita buibui lapeperuka mpaka usoni sioni mbele, nasimama hivo kama mwizi, likishapita naendelea. Kwa hivo kijana alivyoandika habari ya njia ya miguu mimi moyo wangu ulisema amina kabla hata sijamaliza kusoma.

Lakini pia nimekaa kando ya reli. Hapo ndo vijana wetu hawajafika.

Miaka kumi na moja nilikaa Changamwe. Marehemu mume wangu alikuwa kwenye genge la reli, wale wanaobadilisha mataruma na kushindilia kokoto, na nyumba tuliyopanga ukifungua dirisha la nyuma waiona reli. Ile ya zamani, ya Mzungu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901. Hakuna serikali yoyote iliyowahi kujenga njia ya miguu kando ya pale, na njia ipo. Imekanyagwa na watu wenyewe mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Watoto wapita kwenda shule, wanaume wapita kwenda viwandani, kina mama na ndoo, kijana na mkokoteni, mpaka mlevi akitoka kilabuni aifuata hiyo hiyo maana imenyooka. Kwa hivo mzee anayesema kando ya reli si mahali pa watu, babangu nakuheshimu, lakini watu watapita. Reli ni mahali palipofyekwa, hapana tope, hapana mteremko mkali, hapana kona. Nani ataacha kupita? Nenda Kibera Nairobi uone, watu wamepita juu ya reli na wameuza nyanya kando ya reli miaka na miaka, mpaka ikabidi wale wa karibu sana wajengewe nyumba na vibanda nyuma ya ukuta ndo treni ipate nafasi yake.

Swali kwangu si kama watu watembee kando ya reli au wasitembee. Swali ni watatembea mita ngapi kutoka hapo, na katikati kuna nini.

Kuna siku mtoto wa jirani yetu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa akirudi tuisheni jioni na hizo waya za masikioni. Treni ya mizigo ikaja kutoka nyuma. Watu wamepiga kelele, honi imelia, yeye ajitikisia kichwa tu. Alitembea kwenye ile njia, si juu ya reli, alikuwa pembeni, na bado ngazi ya behewa ilimnasa begi la mgongoni ikamtupa mtaroni. Alivunjika mkono na meno mawili. Alhamdulillahi alipona, ana watoto sasa. Usiku ule mume wangu alinieleza kitu ambacho sikukijua miaka yote ile niliyolala nikisikia treni: kwamba behewa ni pana kuliko reli, latokeza nje karibu mita moja kila upande, sasa wewe ukiangalia vile vyuma viwili wajiona uko salama kumbe uko ndani ya treni. Na kitu cha pili, kwamba sauti ya treni yaenda zaidi kwa pembeni kuliko mbele, ndo maana aliye kwenye reli ndo wa mwisho kuisikia, wakati mimi dirishani nimeshaisikia zamani. Na kitu cha tatu, treni ya mizigo iliyoshiba ikienda kasi yaweza kutaka kilomita moja na zaidi ndo isimame. Dereva atakuona, atapiga honi, atafunga breki, atasema lailaha illallah, na atakupita. Punda wa Lamu ukimkemea husimama, akitaka. Treni haina kutaka.

Sasa vijana waliweka picha za nje wakidhani picha yatosha. Nina mpwa wangu yuko California, kule pwani, nikamtumia ile picha nikamuuliza hebu niambie haya mambo yakoje, akanijibu kwa voisi ya dakika nane (huyu mtoto tangu utotoni hajui kufupisha, amechukua kwa mamake). Akaniambia khaloo hata huku wamegombana. Kuna reli ya Santa Cruz, kama kilomita 51, yafuata pwani inaanzia karibu na Watsonville huko kwenye mashamba ya stroberi, serikali yao ya mtaa iliinunua mwaka 2012 kutoka kampuni ya reli kwa dola milioni 14.2. Mpango ukawa kujenga njia ya miguu na baiskeli kando ya reli na reli ibaki. Wakatokea watu wakasema hapana, kuweka vyote viwili ni ghali, pembamba, itabidi kujenga kuta na kukata miti, afadhali vyuma viondolewe yawe ni njia ya watu tu. Wengine wakasema mking'oa reli haitarudi tena, na siku moja tutaitaka treni ya abiria. Wakapiga kura Juni 2022, na wale wa kuisahau reli wakashindwa vibaya, zaidi ya watu saba katika kila kumi walikataa. Na baada ya kura bado wanabishana bei. Vipande vya njia vimejengwa, kimoja kimoja, watu waenda na baiskeli zao.

Nilipenda hiyo habari kwa sababu moja. Wenzetu wabishana wakiwa na reli tayari imelala chini tangu enzi za babu zao, kwa hivo kila mita ya njia wanaitafuta kwa tochi, hapa daraja jembamba, hapa kuna nyumba ya mtu, hapa kuna mlima. Sisi reli yetu iko kwenye karatasi! Karatasi yafutika kwa raba.

Na huko Marekani si kwamba hizi njia ni kitu cha ajabu. Mwaka 2013 kuna shirika lao la mambo hayo lilihesabu likapata 161 ziko kando ya reli zinazofanya kazi, kwenye majimbo 41, na ajali za watu wa njiani zilikuwa chache mno kuliko za watu wanaokatiza reli popote wanapotaka. Hiyo nyamazeni kidogo muifikirie. Anayekufa zaidi ni yule anayekatiza, siyo yule anayetembea sambamba kwenye njia yake na fensi yake. Kwa hivo nyote, wazee na vijana, mwagombania upande ambao si wenye kuua.

Nikaja kwenye vivuko sasa. Hapa usinikatie mhariri.

Reli ya SGR, ile mpya ya kisasa, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, Mombasa mpaka Nairobi, kilomita 472 hivi, treni ya abiria yaenda mpaka 120 kwa saa. Mimi nimeipanda, nzuri, safi, nililala kiti hakijanichosha. Tukifika Tsavo watu wote wakasimama madirishani kuangalia ndovu, na mzee mmoja aliyekaa na mimi akanieleza kwamba kule chini ya tuta wameacha mapito makubwa ya wanyama, ndovu na twiga wapite chini treni ipite juu. Nikasema mashallah, wamefikiria. Halafu nikafikiria kwetu. Ndovu amechorewa pake kwenye ramani kwa sababu kuna watu wenye sauti wanaomsemea ndovu. Bibi wa Hindi mwenye shamba upande huu na kisima upande ule, nani alikwenda na kalamu akamchorea?

Maana reli ya kisasa ni tuta na fensi. Siyo kama ile ya Changamwe ambayo unaruka tu. Ikishajengwa ni ukuta. Fikiria tuta latoka bandarini Kililana lapita huku nyuma, laelekea Hindi, laelekea bara kwenda Garissa na Isiolo. Waorma na ng'ombe wao wakati wa kiangazi washuka kutafuta maji na malisho, ng'ombe mia mbili hawapandi daraja la ngazi. Waboni wana njia zao za msituni za asali na dawa ambazo hazina kibao lakini zinajulikana kuliko barabara ya lami. Kuna watoto wa shule. Kuna maiti wanaobebwa kwenda makaburini, na jeneza watu wanne, sita, kwenye ngazi za daraja la chuma, hebu jaribuni kufikiria. Kuna mwanamke ana uchungu yuko kwenye bodaboda saa nane usiku na kivuko kiko kilomita tano nyuma. Huyo hataenda kilomita tano nyuma. Watakata fensi. Wakishakata fensi mara moja, ile tundu ndo kivuko cha mtaa mzima, kisicho na taa, kisicho na kengele, na hapo ndo tutaanza kuhesabu watu wetu.

Kwa hivo mimi msimamo wangu ni huu, vijana mniwie radhi na wazee mniwie radhi. Njia ya miguu naitaka. Lakini nikiambiwa kuna pesa ya kitu kimoja tu, nachukua vivuko: mapito ya chini yenye upana wa kupitisha ng'ombe na gari la wagonjwa, yenye taa, yenye mtaro wa maji ili mvua ya masika isiyageuze bwawa. Hivo kwanza. Halafu njia ya miguu ndo iviunganishe hivo vivuko, mtu akitoka kwake aifuate mpaka penye kivuko badala ya kukatiza anapoona karibu. Hapo njia ya mazoezi yawa na maana kuliko mazoezi. Inampeleka mtu mahali salama pa kuvukia, na mimi mwenye sukari yangu napata nusu saa yangu ndani yake, kwani kuna ubaya?

Na siyo njia ya mpaka Garissa jamani. Kuna kijana mmoja alisema baiskeli mpaka Isiolo, huyo nafikiri ameamka na njaa. Usalama wa msitu wa Boni twaujua wenyewe, hatuhitaji kuelezana. Mimi nazungumzia Mokowe, geti la bandari, na Hindi. Hapo tu. Mahali penye watu, penye shule, penye soko. Ijengwe mbali na tuta kadiri ardhi inavyoruhusu, si pale kwenye kokoto. Ardhi ipo! Huo ukanda wa LAPSSET wameuchora mita 500 upana, ndani yake barabara, reli, bomba la mafuta, kila kitu. Katika mita 500 mwatuambia mita tatu za mtu wa miguu hazipatikani? Bomba la mafuta ambalo halitembei limepata njia.

Miti nayo. Twataka kivuli, jua la huku mwalijua, saa nne asubuhi huwezi kuweka mguu. Lakini mume wangu alikuwa akisema mti karibu na reli ni adui, wamfichia dereva kona na kivuko, na majani yakianguka kwenye mitaro yaziba maji yakala tuta. Basi miarobaini ipandwe upande wa nje wa njia, siyo baina ya njia na reli, na penye kivuko kusipandwe kitu. Haya ni mambo madogo ambayo fundi akiambiwa mapema hayana gharama, akiambiwa baadaye atakuletea bili.

Kwa wale wanaosema tungoje reli ije kwanza ndo tuseme. Jamani sisi watu wa Lamu wa kusema hivo? Mradi ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, marais wakaja hapa, Kibaki na Salva Kiir na waziri mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi, sisi tukaimba na kupiga matarumbeta. Wavuvi walisema mapema, wakaenda mahakamani, mahakama kuu ikatoa hukumu mwaka 2018 kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walishinda. Lakini hukumu ilipotoka mchanga wa bahari ulikuwa ushachimbwa, matumbawe yashavurugwa, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Ndugu yangu mvuvi aliniambia neno sijalisahau, alisema dada pesa nitaila lakini samaki hajui kama nimeshinda kesi. Sasa nyinyi mwataka na reli iwe hivo hivo, kwanza zege halafu maoni?

Na huko kwenye grupu kuna mmoja aliuliza mbona twazungumzia njia ya kukimbia na hospitali haina hiki na kile. Kweli. Lakini kila kitu tukingoja hospitali ikamilike hata mlango hatutaupaka rangi. Tena hao wa sukari na presha wanaojaza foleni hospitalini ni mimi na wenzangu ambao hatuna pa kutembea bila kupeperushwa na trela. Basi tu.

Nina ombi moja kwa wahusika, sitataja ofisi maana sijui karatasi ziko kwa nani na kila ofisi itasema si kwao. Mtakapokuja na baraza la reli, msije na ile ramani kubwa ya kutoka Lamu mpaka Juba yenye mishale na rangi. Njooni na ramani ya Mokowe mpaka Hindi, kubwa, yenye kisima, yenye madrasa, yenye makaburi, yenye njia za ng'ombe, muitandike chini kwenye mkeka na kila mtu aonyeshe kwa kidole pale anapovukia leo. Msiifanye saa sita mchana katikati ya wiki wakati wavuvi wako baharini na sisi tuko kazini. Na msiwaite wanaume peke yao, kwa sababu anayevuka mara nne kwa siku na ndoo kichwani siye anayekaa kwenye kiti cha mbele.

Mimi mahamri nitaleta, bei ya kawaida.

Mama Sauda,
Mokowe, Lamu